Mteja Aliyepita Kusalimia

Jumanne, 4 Machi

Nimejifungia chumbani, nimemwambia mume wangu kichwa kinauma.

Tangu nipandishwe cheo kazi yangu ni kusikiliza. Navaa hedifoni, nasikiliza simu za wateja zilizorekodiwa, nawapa alama wapokeaji. Friji haigandishi, jiko haliwaki, televisheni ina mistari. Leo Meneja alinipa simu za yule dada wa meza ya dirishani — tunamwita Kinanda, kwa sauti yake. Simu zake ndefu mno. Simu moja isizidi dakika nne. Tafuta anapoteza muda na nani, akasema.

Nikabonyeza. Kinanda akasema maneno ya kampuni, karibu huduma kwa wateja, nikusaidie nini. Kisha sauti ya mtu mzima:

"Friji haina kitu, mwanangu. Nimepita tu kukusalimia."

Mama! Mama yangu mzazi!

Nilivua hedifoni nikaitazama kama imening'ata. Nikavaa tena. Kinanda hakumkatisha. Akamuuliza mguu unaendeleaje. Mguu? Mguu upi? Mimi sina habari za mguu wowote!

Ile friji nilimnunulia mimi, kwa bei ya wafanyakazi. Namba ya huduma nilimbandikia mimi mwenyewe mlangoni pa friji. Ni ya bure, nikamwambia, na haikosi mtu wa kupokea.

Jumatano, 5 Machi

Sikulala vizuri. Nimewahi kazini kuliko wafagiaji, nikazisikiliza zote zilizokuwepo. Mama hupiga karibu kila wiki.

Anacheka! Kile kicheko chake cha kuishiwa pumzi, sijakisikia tangu baba afariki. Anamweleza Kinanda jinsi jirani alivyofungia kuku nje na yeye mwenyewe akajifungia ndani ya banda. Kinanda anacheka hadi anakohoa. Nami peke yangu kwenye kile chumba cha vioo nikacheka, halafu nikashtuka nikaangalia kama kuna aliyeniona.

Halafu ile ya mwisho. Nimeirudia mpaka maneno nimeyashika kichwani.

"Nimepata mwenzangu, mwanangu. Alikuwa dereva wa gari la wagonjwa, sasa amestaafu. Anatembea taratibu, anasema mbio zake zote alizimalizia kazini."

"Mama, hongera!"

"Ana muda, mwanangu. Mwanamume mwenye muda! Ananisikiliza mpaka mimi nachoka."

Mama anaolewa. Jumamosi tarehe 15, saa nne asubuhi, kwa msajili. Kinanda amealikwa. Kinanda ameshashona nguo!

Kinanda akamuuliza, na binti yako je? Nikaongeza sauti ya hedifoni.

"Yule ana kazi," mama akasema. Basi. Wakahamia kwenye mguu.

Na siwezi kumwambia mtu. Habari ya mteja haitoki nje ya kile chumba, ikitoka unatoka nayo. Mteja!

Alhamisi, 6 Machi

Nimempigia mama wakati wa chai. Nilitaka tu aniambie mwenyewe.

Shikamoo mama. Marahaba. Hujambo? Sijambo. Mkwe wangu? Mzima. Mguu — nikajizuia, mguu nimeujulia wapi? Nikamuuliza, kuna jipya? Akasema hakuna jipya, mwanangu, nisikuchukulie muda, rudi kazini.

Simu safi, fupi, yenye heshima. Ningekuwa naitolea alama, ningeipa zote.

Ijumaa, 7 Machi

Meneja ananitaka niandike ripoti ya Kinanda Jumatatu. Anataka mfano, wengine waone. Halafu akiwa anaondoka: kikao cha tathmini ni Jumamosi tarehe 15, wakuu wanakuja, wewe ndiye utakayezungumza.

Nikasema sawa. Limetoka lenyewe! Kabla hata sijasikia tarehe vizuri. Nikabaki nimesimama pale karibu na mashine ya maji, kikombe kimefurika, viatu vimelowa.

Jumapili, 9 Machi

Siku ya ajabu. Niandike haraka kabla sijaanza kujidanganya.

Asubuhi nilikwenda kwa mama bila kumwambia. Kufungua mlango tu, akashika kifua.

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, mama. Nimekuja kukuona."

"Leo? Hivihivi?" Akachungulia nyuma yangu, kama vile habari mbaya imejificha barabarani.

Ndani kumebadilika. Mapazia mapya ya kijani. Viti viwili dirishani vimeelekezana, zamani kilikuwa kimoja. Mlangoni viatu vya kiume, vimepigwa rangi vikang'aa. Nikavitazama. Mama akaona ninavyovitazama. Mimi nikasubiri aseme. Naye — sasa naelewa — alikuwa ananisubiri mimi! Tukakaa hivyo, tunazungumzia bei ya sabuni.

Anachechemea. Nikamuuliza mguu una nini. Akasema aa, ni wa siku nyingi.

Mwishowe akaweka kikombe chini, akajikohoza. "Mwanangu," akaanza. Na simu yangu ikalia. Meneja. Jumapili! Nikamwonyesha mama kidole, dakika moja, nikatoka uani. Slaidi za kikao, rangi zake hazikumpendeza. Niliporudi mama alikuwa ameshanifungia chakula kwenye bakuli, ameshika na mkoba wangu.

"Nenda, mama, wanakuhitaji."

Nikaenda! Na bakuli langu mapajani.

Jioni sikuweza tena. Mume wangu alikuwa barazani anapigilia misumari kwenye kochi la mteja, misumari imejaa mdomoni. Nikasema liwalo na liwe, wanifukuze. Mama anaolewa, nikamwambia.

Akaitoa misumari mmojammoja.

"Najua. Si nilikuambia?"

"Lini?"

"Mwezi uliopita. Mama alinituma mimi, aliona haya kukuambia mwenyewe. Tulikuwa mezani, wewe uko na laptopu. Nikakuambia mama amepata mchumba, anaomba baraka zako. Ukasema sawa, sawa."

Nimesema sawa. Sikumbuki! Sikumbuki hata neno moja!

"Nikamwambia mama kwamba umesema sawa," akaendelea. "Akafurahi, akawa anangoja umpigie. Hukupiga. Kila akiniuliza, namwambia utapiga. Mwisho akasema tukuache, umechukia. Mimi nami nikadhani umenuna."

"Na wewe ukakaa kimya?"

"Nilirudia, mke wangu. Ukasema tutaongea wikiendi."

Hakunifokea. Afadhali angefoka. Akarudisha misumari mdomoni akaendelea na kochi la watu. Ndani, kwenye mlango wa kabati, nimekuta shati lake jipya limetundikwa. Liko pale kwa muda gani? Navaa nguo kutoka kabati hilohilo kila siku!

Kesho asubuhi nampigia. Namwambia yote. Ripoti siandiki.

Jumatatu, 10 Machi

Saa tatu. Nimempigia mama nikiwa ngazini. Namba unayopiga inatumika. Nikapiga tena. Inatumika.

Nikaingia ukumbini huku simu iko sikioni. Safu zote za meza zimeinamisha vichwa. Na pale dirishani Kinanda ameegemea kiti, anacheka mpaka anapangusa machozi.

Nikakata simu. Nimeingia kwenye chumba cha vioo kujituliza. Akimaliza naye, nampigia mara moja. Ngoja amalize. Mwache acheke.

Jumatatu hiyohiyo, mezani kwa Kinanda

Naandika nyuma ya ratiba ya zamu, herufi zinakwenda kombo.

Meneja hakungoja ripoti. Alimjia Kinanda kwa nyuma, akanyoosha mkono juu ya bega lake, akaikata simu mwenyewe. Mama alikuwa katikati ya neno! Kinanda akageuka, akasema, bosi, yule ni mtu mzima, ungemwacha aage. Chukua mkoba wako, akaambiwa. Kinanda alipita mbele yangu. Nikampisha.

Meneja akanigeukia: kaa hapo, ziba pengo, simu zinagonga.

Nikakaa. Kiti bado cha moto. Taa ikawaka — mteja akipiga tena hurudishwa meza ileile — jina la mama likatokea kwenye skrini.

Nikapokea kwa sauti ya kazini, na lile jina la kazini tunalopewa. Ndiyo sauti iliyotoka. Sina nyingine ninayoijua nikiwa na hedifoni.

"Mwanangu, nilikuwa naongea na mwenzako, simu ikakatika."

"Ametoka kidogo, mama."

Nilimwita mama! Hakushtuka. Kila mtu hapa anamwita mama.

"Basi mpe ujumbe wangu. Jumamosi asichelewe, yeye ndiye atakayesimama nami."

Nikasema sawa.

Kisha akaniuliza: "Na wewe, umeshakula? Sauti yako imechoka. Mama yako yupo?"

Nikabonyeza kitufe cha kumweka asubiri. Sasa anasikiliza muziki wa kampuni.

Saa ya simu imevuka dakika nne, imegeuka nyekundu. Meneja amesimama nyuma ya kioo, ananionyesha mkono, kata, kata. Taa ya mama inawaka, inazima, inawaka. Hajakata yeye. Kidole changu kiko juu ya kitufe kilekile na koo langu linatafuta sauti ya bintiye