Gari la Aprili

Mwanangu Afra,

Hapa Mittenwald theluji imefika madirishani, na paka wa jirani amehamia jikoni kwetu. Baba yako anakunywa supu kidogo.

Siku ya Jumanne aliitoa Porsche yake, na matairi yale yale ya kiangazi! Unajua kila Oktoba huifunika shuka, maana namba zake za msimu zinairuhusu barabarani Aprili hadi Oktoba tu. Nikamwuliza, "Korbinian, umerukwa na akili?"

"Panda, mama Afra, kelele za nini?"

Nikapanda. Gari lenye nguvu zote zile likawa linateleza huku na huku, hadi trekta likatupita. Baba yako alicheka mpaka machozi. Kwenye kona ya kanisa tukaingia mtaroni.

Askari wa barabarani akaja, akatazama namba. "Mzee, hili si mpaka Aprili?"

"Aprili mimi sitakuwepo, kijana."

Askari akaanza kutusukuma.

Kuhusu Aprili, ndivyo alivyotuambia daktari wiki iliyopita. Sikujua nikuandikieje. Gari nimelifunika mwenyewe. Yeye alishindwa hata kuinua shuka.

Ulisema utakuja Pasaka. Njoo sasa.

Mama yako,
Traudl