Salamu Zilizokaribia Kunizamisha

Mama, shikamoo. Leo salamu zimenitesa, lakini yako siwezi kuiacha.

Nilikuwa majini chini ya Ngome ya Yesu, nikijifunza kurudi ndani ya kayaki, ule mtumbwi mwembamba wa mtu mmoja. Mwalimu wangu, Mwanajuma, alinipindua makusudi, kisha akakaa kando katika mtumbwi wake. "Jiokoe," akasema, "na usiuachilie. Hautarudi kukutafuta."

Nikaugeuza ukakaa sawa, nikajilaza kifudifudi upande wa nyuma, nikaanza kuupanda kama punda. Hapo mzee mmoja aliyekaa ukingoni na kikombe cha kahawa akaniita, "U hali gani, mwanangu?"

Kwa jinsi ulivyonilea, nikainua mkono. "Shikamoo, babu." Nikaanguka, na maji yaliyokuwa yakipwa yakauchukua mtumbwi. Niliufuata kwa kuogelea hadi pumzi ikakaribia kuniishia. Nikapanda tena.

"Na nyumbani, hawajambo?"

Nikainua mkono tena, Mama. Nikaanguka tena.

Mara ya tatu akauliza kama kwetu mvua imenyesha. Nilikuwa nimeshameza bahari ya kutosha. Nikanyamaza, nikapanda, nikateleza hadi kitini, nikakaa.

Mwanajuma akanipigia makofi. Mzee akamgeukia mwenzake, akasema kwa huruma, "Maskini, hakufunzwa kuitikia salamu."

Kesho nitamwendea kwa miguu nimweleze kuwa nilifunzwa, tena kupita kiasi. Wewe kaa salama huko Wundanyi. Nakupungia kwa mikono yote miwili, nikiwa nchi kavu.

Mwanao, Wakio