Blanketi na Mkeka wa Newcastle

Jumapili, tarehe 4 Agosti 2013
Nimezoea kuandika barua tu, basi nianze na salamu. Baba Divine mzima, ametoka kulinda magari usiku, analala. Divine mzima, anafua sare yake ya netiboli. Mama Zuhura wa chumba cha pili, Mtanzania wetu, mzima, anaimba vibaya. Mimi mzima, napiga pasi. Moyo ndio hauko mzima.
Chuo cha Divine hapa Durban kila mwaka kinapeleka timu Newcastle, siyo ile ya Ulaya. Mbali, kule juu, lakini bado mkoa wetu huu huu. Kocha alizaliwa kule. Nusu ya wasichana wametoka kule, chuo kinawachukua kwenye shule zao. Mji ule unasema timu ni yake. Wanakaa wiki, wanafundisha watoto mpira, Jumamosi wanacheza. Hoteli hakuna. Kila msichana analala kwa familia ya pale.
Nimekataa. Mwaka ule wa vurugu dhidi ya sisi wageni, watu niliowasalimia kila asubuhi ndio walitufukuza. Tulilala kanisani. Mtoto wangu halali kwa watu nisiowajua.

Jumanne, tarehe 6
Divine hali chakula. Kocha amesema asiyeenda Newcastle haingii timu ya kwanza. Baba Divine naye: "Utamfunga kamba mpaka azeeke?" Iko na haki. Lakini na mimi niko na haki yangu.
Ataenda, kwa njia yangu. Kwetu hupeleki mtoto kwenye nyumba ambayo mtoto wao hajala kwako. Huyo Thandeka wa timu, anayetaka kumpeleka kwao, aje ale kwanza.

Alhamisi, tarehe 8
Thandeka amekuja. Amekula maharage na ndagala, wale Mama Zuhura anawaita dagaa, mpaka vichwa. Amepokea sahani kwa mikono miwili. Nimempenda. Bado naogopa.
Kwao iko mama na kaka mmoja mkubwa. Kaka! Divine hiyo hakuniambia.
Mikono mitupu sitaki. Nimeshuka sokoni, nimenunua blanketi zito, kule baridi inauma. Na mkeka wa majani, ule wanaosuka Wazulu wenyewe. Mama muuzaji alifurahi kupita kiasi, akapiga vigelegele. Nikasema, leo watu wa Durban wana roho nzuri.

Jumapili, tarehe 11
Wameondoka. Divine na blanketi kichwani, mkeka kwapani. Basi lilisimama kwenye robot, zile taa za barabarani, ikawa kijani, likaenda. Sikulia mbele yake.

Jumatatu, tarehe 12
Divine amepiga simu, anacheka na kulia pamoja. Walipofika, wanawake wa mtaa walitoka wote na vigelegele. "Makoti! Makoti!" Ndiyo bibi harusi kwa Kizulu. Wakamfunga kitambaa kichwani. Kaka wa Thandeka akakimbilia nje.
Nimemwambia Mama Zuhura. Akakaa chini kwa kicheko. "Shoga, umeozesha! Blanketi na mkeka ndivyo bibi harusi wa Kizulu anavyowapelekea wakwe!"
Eish. Mtoto wangu, na mimi mwenyewe nimemfunga mzigo.
Baba Divine anauliza ng'ombe wetu wako wapi. Sikucheka. Nimepanga begi. Kesho napanda taxi nikamchukue, kocha aseme anachotaka.

Jumanne, tarehe 13
Sikwenda. Nilikuwa mlangoni, mama yake Thandeka akapiga simu. Kizulu changu ni cha kufanyia usafi kwenye nyumba za matajiri, Morningside, lakini alisema polepole. Harusi hakuna. Alijua ni ugeni wangu. Walicheka kwanza, halafu akakaa akafikiri: mama asiyenijua amenifunika na baridi hii. Kijana wake amempeleka kwa mjomba mpaka timu iondoke. Mimi sikuomba. Amesema na yeye ni mama.
Nilishaambiwa maneno mazuri zamani, nikafukuzwa. Huyu nimeamua kumwamini. Nimeamua tu, woga haujaisha. Nimetoa nguo kwenye begi, nimezirudisha.

Jumamosi, tarehe 17
Wameshindwa, goli moja tu. Divine amecheza mechi nzima. Uwanja mzima ulimshangilia kwa jina la Makoti. Yuko timu ya kwanza! Nimepiga kelele mpaka Mama Zuhura akaacha kuimba.

Jumapili, tarehe 18
Amerudi, analala. Nguo zake zinanuka moshi wa makaa. Amekuja na mkeka mwingine, mama yake Thandeka ameutoa nyumbani kwake. Ni wa kukalia yeye mwenyewe akija. Wanawake wa Newcastle wanashuka na basi mwezi wa kumi kuangalia timu yao, na yeye atalala kwangu.
Nimeutandika chini ya dirisha. Kitanda tutasogeza.
Nimemtumia ujumbe: Mtoto amefika salama. Ndagala unakula? Jibu haraka, mama, nijue nitakupikia nini.