Mrashi wa Bi Rukia

Kibokoni, Mombasa, 1996

Baba,

Nina hasira nawe. Ulipokuwa hai nilikuwa nikianza tu kusema unaingia kusoma. Leo utanisikiliza mpaka mwisho.

Maktabani mahali pako wamemweka mama mmoja wa Rabai, mpole. Ananiambia hajapata kuona kazi safi kama yako, kila kitabu na namba yake na muhuri wake. Nilitamani kumleta nyumbani! Masahani ya kauri, vyetezo, mabirika ya shaba, na hakuna hata kimoja ulichokiandika ni cha nani. Vingine ulinunua. Vingine majirani walikuwekesha, maana walijua unapenda vya kale na huviuzi. Nikikuuliza, unagonga kipaji cha uso wako: "Yote yamo humu." Ukaenda nayo kaburini.

Mikeka ya matanga haijakunjwa, nduguyo, Ami Nassor, akaja na mwenye duka la vya kale. "Vitu vya marehemu ni vya warithi," akasema, wakapakia. Mtu mzima yule, na hajui kwamba amana hairithiwi! Anajua sana.

Kisha akaja Bi Rukia, jirani yetu. Mjukuu wake anaolewa. "Mwanangu, nipa mrashi wa mamangu, tuwarashie wageni marashi. Nalimwekesha babako." Nikamwambia nautafuta. Umenifanya mwongo mbele ya kizee asiyeona vizuri, Baba.

Nikaukuta dukani, watalii wanauchungulia. Ami nilimwambia maneno ambayo mtoto hamwambii ami yake, na sijuti. Mwenye duka hakutaka kuutoa ila kwa kiti chako cha enzi, kilichoniangukia mimi katika mirathi. Kile tulichokuwa tukikipangusa kila Ijumaa, ukinionyesha pembe ya ndovu ilivyopachikwa kwenye mpingo. Wewe unaongea, mimi nimeshika kitambaa. Hakuna saa niliyoipenda kama ile.

Nimempa. Nikapita Ndia Kuu nimeukumbatia mrashi, sikumsalimu mtu.

Bi Rukia aliupapasa shingo, akaunusa. "Mngu amrehemu babako," akasema. "Hakuwa na khiyana." Nikaitikia amin, meno nimeyauma. Sikumwambia kitu kuhusu kiti.

Basi lala, Baba. Nitabisha hodi nyumba kwa nyumba, na kila mwenye amana yake nitaifuata ilipo, hata kama nyumba itabaki kuta tupu. Sitaki mtu akudai huko uliko. Kila swala ninakuombea, na ninakuombea kwa hasira. Akisharudishiwa wa mwisho, nitakaa chini nikulilie kama watoto wengine wanavyowalilia baba zao. Kwa sasa sina nafasi.

Mwanao,
Mwanaisha