Kamshafti Yangu na Turbo ya Tajiri

Lodwar, Jumapili mchana

Mpenzi Mama Naliaka,

Ejok! Ndivyo tunavyosalimiana huku, hata mimi Mbukusu nimeshazoea. Mko salama huko Kitale? Kifua cha Naliaka kimepoa? Na mama, miguu bado inamsumbua? Mimi mwili ni mzima, ila roho inanichemka, na nisipokwambia wewe nitamwambia nani?

Unakumbuka ile kamshafti niliyoichongesha Nakuru, nikaifunga badala ya ile ya kiwandani? Ndicho chuma kinachofungua na kufunga valvu za injini. Yangu nilitaka iziache wazi muda mrefu, injini imeze hewa nyingi, pikapu ya tajiri wangu ikimbie na samaki wa Longech, kule ziwani, kabla barafu haijayeyuka. Na ilikimbia, Mama Naliaka! Watu wa Lokichar walikuwa wakisikia mngurumo tu, wanasema fundi wa Lodwar huyo anapita.

Basi tajiri akaleta turbo, ile inayotumia nguvu ya moshi wa ekzosi kupuliza hewa ndani ya injini. Nikaifunga kwa mkono wangu, nikajua sasa tutaruka. Wapi! Mwendo wa polepole ikawa nzito kama punda mgonjwa. Tukienda Kakuma ikatuzimikia katikati ya laga, ule mto mkavu, kwenye mchanga, na tajiri mwenyewe yumo ndani.

Tulivutwa mpaka Kakuma. Hapo ndipo akatokea Deng, mkimbizi wa Sudan, fundi wa kule kambini, mrefu, mpole, suruali kaifunga kwa kamba. Akasikiliza injini, kisha akaniangalia mimi.

"Mwalimu, kamshafti yako mzuri sana, lakini ya injini bila turbo. Turbo anapuliza, wewe umeacha mlango mbili wazi pamoja. Hewa anaingia huku, anatoka na ekzosi. Rudisha ile ya zamani."

Eti nirudishe ya zamani! Nikamwambia aende zake. Tajiri akasema, "Rudisha." Ilikuwemo bado kwenye sanduku langu la vifaa, nikairudisha huku nikiomba, Mungu anisamehe, injini ikatae. Haikukataa. Ilivuka laga ile ile bila hata kukohoa. Tajiri alimkumbatia Deng mbele ya watu wote. Mimi miaka sita hajanigusa hata bega.

Nina wivu, sikufichi. Na afadhali angekuwa na maringo! Kila nikifika Kakuma ananitafutia kiti cha kivulini na chai.

Sasa tajiri anamtaka awe fundi mkuu hapa Lodwar, ile kazi niliyokuahidi wewe kwamba ni yangu. Mkimbizi hatoki kambini bila ruhusa, kwa hiyo tajiri aliandika barua ya kumwombea, akanipa mimi niipeleke kwa wakubwa wa kambi. Nimeshaenda safari tatu. Kila mara Deng ananiuliza, "Mwalimu, wamejibu?" Namwambia, "Bado, ndugu yangu. Vumilia." Na safari zote tatu barua ilikuwa mfukoni mwangu.

Msalimie mama, kaka yako mwalimu wa kwaya, na shangazi wa sokoni. Naliaka mbebe mgongoni kwa niaba yangu.

Mumeo,
Baba Naliaka

Ukigeuza karatasi hii utaona mhuri wa tajiri na jina la Deng. Karatasi nyingine zilikuwepo. Nilitaka tu hii isiweze kupelekwa tena.