Nyuki mkononi mwa Petro

Usinge, Alhamisi usiku

Nyuki wametembea mkononi mwa Petro wangu leo na hajajikuna! Nilisimama mbali nimejifunika khanga, nikaona kwa macho yangu haya.

Alipokuwa anavuta methi, yale madawa ya kulevya, kule Dar alisema wadudu wanatembea chini ya ngozi yake. Hapakuwa na mdudu. Alijikuna mpaka damu, usingizi hapati. Daktari alinieleza ile dawa imemvuruga ubongo, utatulia polepole. Kwa hiyo alipoomba kwenda na baba yake kurina asali niliogopa. Wadudu wa kweli wakimgusa, si atarudi kule kule?

"Mama, hawa nawaona," akaniambia, anacheka na mapengo yake. "Wale nilikuwa nawahisi tu."

Mrina asali kama huyo Kaliua nzima hakuna!

Bado anasahau. Kisu amekiacha porini, na jana moyo ulimwenda mbio bila sababu. Naogopa, sifichi. Lakini leo amemaliza ugali wote, na sasa namsikia anakoroma.

Asali imejaa ndoo. Nimewapigia simu ndugu zetu wa Chemchem na Kanyenye, waje wote wamwone. Jumapili, baada ya ibada.