Deo, Umeniachia Kompyuta Iliyovimbiwa

Deo, mpwa wangu,

Salamu sikupi. Salamu wanapewa watu waliotulia walipo, na wewe juzi umenifedhehesha mbele ya watu wa Kasekese kama vile bado uko hai na tuna ugomvi.

Nilikwambia nini kuhusu ile pikipiki? Nilikwambia barabara ya Ikola mvua ikinyesha ni sabuni tupu. Ukanicheka. "Anko, unaogopa matope na wewe ulimvuta kiboko sikio?" Nilimvuta, ndiyo, na mashahidi wapo. Lakini nilikuwa kwa miguu! Sasa ona. Wewe umelala, mimi nimebaki na ghala, mashine ya kukoboa na hiyo kompyuta yako.

Mama yako anakula kidogo. Baada ya kuondoa msiba alianza kuja ghalani asubuhi kunisaidia kupepeta. Basi kila nikifungua kompyuta, kitu cha kwanza ni jina lako, DEO, na ile picha umevaa kofia kama mtalii aliyepotea. Dada yangu Prisca analia. Kesho yake analia. Wakulima wamesimama na magunia wanatazama chini. Tukakaa wazee wa ukoo. Wakasema nguo za marehemu zimegawiwa, kitanda kimetolewa nje, kwa nini jina lake liendelee kusimama mlangoni kila asubuhi? Litolewe. Mimi mwenye ghala nikasema litolewe hata leo. Nikamwita Zawadi, yule binti mwenye duka la kompyuta kule stendi, akaweka jina jipya, GHALA, la kwako akalifuta. Prisca akapumua. Nikajisifu kwamba nimetuliza msiba kwa kidole kimoja.

Kumbe.

Wewe ulinifundisha huku unatafuna karanga zangu: "Anko, kila siku hii programu ya kuandika magunia inapiga bakapu, inajinakili, ili mashine ikifa mpunga wa watu usipotee. Na zile nakala za zamani zinajifuta zenyewe." Zinajifuta zenyewe! Nilikuamini, mtoto wewe. Nilikwenda mpaka Karema nikawatangazia wavuvi kwamba nina kompyuta inayojiosha kama paka.

Juzi wakaja watu kuchukua mpunga wao. Mzee Masanja katoka Kasekese na mkokoteni wa ng'ombe, binti yake anaolewa Jumamosi. Na sheria ni yako mwenyewe: gunia halitoki mpaka programu iandike, kwa sababu ya wajanja. Nabonyeza, inagoma. Nabonyeza tena, inaniambia diski imejaa. Nje foleni inakua. Nikasema nifungue lango kila mtu achukue chake? Hapo mwenye manne angebeba saba, na wa mwisho akute sakafu. Nikafunga. Masanja akapiga kelele mpaka ng'ombe wake wakageuka: "Umekula mpunga wa harusi ya mwanangu, halafu unaisingizia kompyuta! Kompyuta inakula mpunga?" Watu wakacheka. Mimi, Deo! Mimi niliyefukuza nyati hapa Katavi mpaka akaingia kituo cha polisi mwenyewe!

Nikasema hapa nimerogwa na yule jirani mwenye mashine nyekundu, anayenigombania wateja. Nikaingia kwenye kompyuta peke yangu, nikaona mafaili yamelundikana kama dagaa kwenye mchanga, nikafuta kwa hasira. Nikatoka nikawaambia nyie tulieni, nimemaliza. Nikabonyeza. Imejaa vilevile. Yote niliyofuta yalikuwa yamehamia kwenye pipa la takataka la humohumo ndani, yamekaa yananitazama. Hilo hukunifundisha.

Zawadi akaja. Nilimpokea vibaya, lakini akakaa tu. Akasema, "Mjomba, databezi yenyewe, lile daftari la magunia, ni ndogo. Kilichojaza diski ni bakapu. Hazijafutwa tangu lini?" Nikamwambia zinajifuta zenyewe. Akatikisa kichwa. "Hii programu ni ile aina nyepesi ya bure. Ile kubwa ina msimamizi wake ndani, anashika ratiba, anafuta. Hii haina mtu. Deo alitumia ratiba ya kompyuta yenyewe." Akafungua ratiba, akanionyesha. Kazi ya kunakili uliiandika kwa jina la mashine, inaendelea mpaka leo. Kazi ya kufuta, ya kila alfajiri, uliiandika kwa jina lako. Na kompyuta imejibu kwamba imegoma, mtumiaji huyo hayupo.

Nikamuuliza, ulipofuta jina hukuona? "Ningeonaje, Mjomba, ulikuwa umenisimamia kichwani unanihadithia nyati."

Kwa nini jina lako, Deo? Kwa nini hukusema? Tumekuzika, tumekulilia, na kila alfajiri ulikuwa unaingia ghalani kwangu unafagia. Kimya kimya. Tulipokutoa kwenye kioo cha kompyuta ndipo ukaacha kazi kweli, na uchafu ukaanza kupanda. Nina hasira na wewe. Mtu anafariki anaendelea kutumwa!

Mama yako alikuwa nyuma yetu na ungo wake. Akasema taratibu, "Kumbe alikuwa anakuja."

Zawadi akauliza, "Nimrudishe Deo? Ni kumwandika tu." Prisca akasema mrudishe. Akasema kama anafanya kazi, mwacheni afanye. Ananitazama, watu wa Kasekese wananitazama dirishani, Masanja na fimbo yake.

Nikakataa. Nilimfokea dada yangu mbele za watu, jambo ambalo sijawahi kulifanya. Nikasema huyu mtoto amezikwa, hatumwamshi kila alfajiri aje afagie ghala la mjomba wake. Iandike hiyo kazi kwa jina la mashine. Zawadi akaandika, akamwaga lile pipa, akaijaribu palepale kwa mkono. Bakapu za zamani zikaondoka moja moja, zikabaki za karibuni. Programu ikafunguka. Masanja akapata magunia yake yote. Hakuniomba radhi. Alisema tu ng'ombe wake wamechoka kusubiri.

Prisca akashinda siku nzima akipepeta huku amenipa mgongo. Leo amekuja na uji, akamimina vikombe viwili, akakaa.

Basi, Deo. Mimi mjomba wako naahidi hivi: kila Jumamosi nitafungua ratiba mwenyewe, nione kama imefuta, na pipa nitalimwaga kwa mkono wangu. Mama yako nitamtunza, hata akininunia. Wewe kazi umeachishwa, na nimekuachisha mimi. Nikikukuta tena ghalani alfajiri na ufagio, nitakufukuza kama nilivyomfukuza yule nyati.

Lala, mwanangu.

Mjomba wako.